Taulo Kaburini

Mwezi uliopita, kwenye baraza ya mwenzangu wa kazini kule Morningside, Durban, mgeni mmoja aligonga glasi ya divai nyekundu kwa kiwiko, ikamwagika kwenye sakafu ya mawe iliyokuwa ikipigwa na jua tangu asubuhi. Watu wakakimbilia chumvi na matambara. Mimi nikakimbilia chooni. Nilikaa huko dakika kumi juu ya kifuniko, mwanamke aliyepita arobaini, mwenye shahada tatu na miwani ya kusomea, nikipumua kwa mdomo kama mtoto anayesubiri sindano. Nilipotoka nilisema ni samaki. Nimewasingizia samaki kwa miaka mingi.

Divai ikimwagika juu ya jiwe la moto hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo, na mimi harufu hiyo niliijulia makaburini, katika kijiji kidogo cha ufukweni kwenye kisiwa cha Ugiriki, nikiwa na miaka tisa. Najua hili linavyosikika. Wenzangu tuliokua pamoja South Beach hawana kumbukumbu za visiwa vya Ugiriki. Wana kumbukumbu za lifti mbovu. Mimi nina vyote viwili, na nikisimulia cha kwanza watu hudhani najisifu. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mseme kama kuna sifa yoyote humo.

Tuliishi ghorofa ya tisa, mama na mimi, katika chumba tulichogawana na Mama Dorcas, mwanamke wa Bukavu aliyesuka nywele kando ya barabara na kuamini mabaya juu ya kila mtu, bila kubagua taifa. Kati ya upande wetu na wake kulikuwa na pazia. Mama alisafisha fleti za wageni wa likizo, zile zinazotazama bahari. Chini ya jengo letu kulikuwa na duka la Mgiriki mmoja, Stavro, na ndani ya duka, pembeni ya friji la soda, alikaa mama yake: ajuza mnene, nguo nyeusi toka shingoni hadi visiginoni, mguu mmoja mbovu juu ya kreti. Sikuwahi kumwona akitabasamu. Watoto wa jengo letu tuliamini kwamba friji lilipata baridi kutoka kwake.

Siku moja nilinyoosha mkono pasipotakiwa.

"Neema, rudisha hiyo chokoleti kabla sijaling'oa hilo sikio," mama akasema.

"Wewe natoka wapi?" sauti ikauliza kutoka upande wa friji.

Mama akageuka. Aliniambia baadaye alidhani ni redio.

"Natoka Morogoro, Bibi."

"Morogoro wapi?"

"Kilosa."

Ajuza akaushusha mguu kwenye kreti, jambo ambalo hakuna mtu wa jengo letu aliyewahi kuliona. "Mimi nazaliwa Kilosa," akasema. "Mkonge. Baba yangu nasimamia watu ya mkonge. Simama hapa, zungumza."

Kiswahili cha Bibi Vasso kilikuwa kile cha watu waliojifunza lugha kwa kutoa amri. Kilikuwa na "leta," na "wapi," na "haraka," na hakikuwa na "tafadhali" hata ya dawa. Lakini mama alisimama pale jioni ile, na jioni iliyofuata, na hatimaye ikawa desturi: akitoka kazini, kabla ya kupanda ngazi, anasimama nusu saa kando ya friji akizungumza habari za Kilosa na mwanamke ambaye baba yake, tukisema ukweli, huenda alimpiga babu yangu viboko. Nilipomuuliza mama anapata nini pale, alisema, "Anajua majina ya mito yetu."

Kisha barua ikafika kutoka kisiwani. Mume wa Bibi, Mzee Kosta, alikuwa amefia huko kijijini kwao miaka kadhaa nyuma, alipokwenda kutembea, na huko ndiko alikozikwa. Sasa padri alikuwa anaandika kwamba kaburi linahitajika. Kule makaburi ni madogo na ardhi ni mawe matupu. Mtu huzikwa, hukaa humo miaka michache, kisha ndugu hurudi kumfukua. Mifupa huoshwa kwa divai, hukaushwa juani, hutiwa kwenye sanduku dogo lenye jina, na sanduku hupangwa pamoja na ya majirani katika nyumba ya mifupa. Kaburi humpokea anayefuata. Zamu ya Mzee Kosta ilikuwa imekwisha.

Bibi alikuwa na sukari, na ule mguu, na mwana asiyeweza kufunga duka mwezi mzima. Akasema atakwenda na mama yangu, hataki mwingine. Mama akasema bila mtoto haendi. Viza zilipatikanaje sijui. Mtoto wa miaka tisa huwa hakumbuki viza. Ninachokumbuka ni Mama Dorcas akilivuta pazia kwa hasira.

"Muzungu anakulipia ndege, wewe na mtoto, juu ya kwenda kuosha mifupa? Mama Neema, fikiria vizuri. Iko sababu."

"Sababu ni mguu wake, Mama Dorcas."

"Mguu! Kule kwao hakuna watu wa miguu?" Akanigeukia mimi. "Wewe uangalie mama yako. Ukiona wanaanza kumupa chakula mingi, wanamushika-shika mikono, ujue. Unanipigia."

"Nitakupigia na nini?"

"Eish, huyu mtoto! Uangalie tu."

Kwa hiyo wengine walikwenda kisiwani kuosha mifupa, na mimi nilikwenda kazini. Nilikuwa mlinzi.

Kijiji kilikuwa mstari mmoja wa nyumba nyeupe ukiitazama ghuba, hoteli moja ndogo yenye viti kumi na viwili vya kulalia juani, mikahawa miwili, kanisa, na juu ya kilima makaburi yaliyozungushiwa ukuta. Wageni walikuwa wachache na wa kimya, watu wazima waliokuja kusoma vitabu vinene. Kila kitu kilikuwa kizuri, na hakuna kilichonipendeza. Bahari ya Durban hupiga kelele. Ukiiogopa unajua unaogopa nini. Hii ilikuwa imetulia kama maji ya beseni, mpaka mawe ya chini yanaonekana, na haikutoa sauti yoyote. Niliiona kama kitu kinachosikiliza.

Kibaya zaidi ni saa za mchana. Saa nane ikigonga, kijiji kizima kililala. Milango ilifungwa, madirisha ya mbao yalifungwa, mkahawa uliacha sahani mezani. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja hapakuwa na mtu, paka tu chini ya meza na jua jeupe likianguka wima juu ya mawe. Nyenje walilia kwa pamoja, kisha wakanyamaza kwa pamoja, kama vile mmoja wao ametoa ishara. Nilikuwa natoka chumbani kwetu polepole na kusimama barabarani, na kwa vile sikuwahi kuona watu wakilala mchana isipokuwa wagonjwa, niliamini kwamba kila siku kijiji kilikufa kidogo, na kila siku kulikuwa na uwezekano kisiamke.

Halafu wakaanza kumlisha mama.

Wanawake wa kijiji hawakuwa wamezoea mtu mweusi, ila walikuwa wakarimu, na ukarimu wao ulikuwa wa sahani. Walileta tini, jibini la maji ya chumvi, biringanya zinazoelea kwenye mafuta. Walimkalisha mama mbele ya nyumba zao, wakamshika mkono juu ya kiwiko, wakaminya, wakasema kitu, wakacheka.

"Wanasema nini, Bibi?" mama aliuliza.

"Nasema wewe iko kondefu. Nasema kula."

Mama akala. Alikuwa hajawahi kupikiwa na mtu tangu alipoolewa, alisema, na ndoa yenyewe ilikuwa imekwisha. Akanawiri. Wiki ya kwanza haijaisha, Bibi akamnunulia gauni jeusi la kuvaa siku ya kufukua, likamkaa vizuri, na mama akajitazama kwenye kioo cha kabati akageuka upande huu na upande ule. Nilimtazama kutoka kitandani. Ningempigia Mama Dorcas kama ningejua namna.

Jambo moja tu nilijifunza pale ufukweni lililoniletea faraja. Asubuhi mapema, kabla ya chai, wageni wa hoteli walishuka na taulo, wakazitandika kwenye vile viti kumi na viwili, wakaondoka. Viti vilikaa hivyo saa nzima, saa mbili, vimelala na taulo tu. Hakuna mtu aliyevigusa. Nilimwona mzee mmoja mwenye tumbo akifika kwenye kiti alichokipenda, akakuta taulo la mtu, akaguna, akatukana bila shaka, akaenda kukaa juani bila mwavuli. Mtu mzima, mwanaume, ameshindwa na taulo!

"Kwa nini asiliondoe?" nilimuuliza mama.

"Mwenzake ameshawahi nafasi. Ni sheria yao."

Nikaihifadhi hiyo sheria.

Siku ya kufukua walimwamsha kila mtu alfajiri ili kazi iishe kabla ya jua kali. Tulikuwa watu kumi hivi: padri, wanawake wenye nguo nyeusi, mchimba kaburi aliyekuwa na sepeto na sigara, Bibi kwenye kiti alichobebewa, mama na ndoo. Mimi niliambiwa nikae kwenye ukuta nisitazame, na kwa hiyo nilitazama kila kitu. Mchimba alichimba hadi kiunoni, akaweka sepeto kando, akaendelea kwa mikono. Fuvu lilitangulia. Akalitoa kwa mikono miwili, kama unavyotoa mkate kwenye oveni, akampa mwanamke mmoja, naye akalipokea kwa kitambaa cheupe akamsogezea Bibi alibusu.

Wanawake waliinama kutazama rangi. Hilo nalijua sasa: mifupa ikitoka ya njano safi, marehemu ametulia. Ya Mzee Kosta ilikuwa na madoa meusi, na mguu mmoja ulikuwa umeshikwa na udongo, mchimba akauvuta mara mbili tatu. Padri akasema kitu kifupi, kwa sauti ya mtu anayepitisha mtihani uliopungua alama moja.

"Naona?" Bibi akamwambia mama kwa Kiswahili, ili wengine wasisikie. "Yeye hataki kutoka."

Wakaanza kuosha. Mama alimimina divai kutoka kwenye dumu, wanawake wakasugua, na ile iliyomwagika ikaanguka juu ya mawe yaliyokuwa yameanza kupata moto. Ndiyo harufu niliyowaambia. Ilipanda mpaka ukutani nilipokuwa, tamu na chachu, na nikateremka kwenda kusimama karibu na kiti cha Bibi kwa sababu palikuwa na upepo. Shimo lilikuwa mbele yetu.

"Bibi, litabaki hivi wazi?"

"Hapana. Jioni yeye narudisha udongo kidogo. Halafu nangoja. Hapa hakuna nafasi, mtoto. Moja natoka, moja naingia."

"Nani ataingia?"

Bibi aliwatazama wanawake, akamtazama mama aliyekuwa ameinama na gauni lake jeusi, jasho likimtoka. Kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. "Mimi najua? Labda mimi. Labda mama yako. Yeye nachoka sana siku hizi."

Wanawake walicheka pia, bila kuelewa neno, kwa kuwa Bibi amecheka. Mama hakusikia. Mimi sikuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba ni mzaha. Sababu zote nilizokuwa nazo zilikuwa upande wa pili.

Tulirudi nyumbani, tukala sana, saa nane ikagonga, kijiji kikafa. Nililala sakafuni kwenye ukumbi, palipokuwa na baridi, na chumba cha Bibi kilikuwa nyuma ya mlango wa mbao wenye nafasi kati ya mbao. Nikasikia sauti zao.

"Mimi sirudi Durban," Bibi alikuwa anasema. "Friji, kreti, basi. Mimi nafia hapa. Wewe nabaki na mimi."

"Na mtoto?" mama akauliza.

"Stavro nakuja mwisho ya mwezi kuchukua sisi. Nachukua mtoto tu. Yule mama ya pazia natunza yeye."

"Nitabaki mpaka lini, Bibi?"

"Mpaka kwisha."

Nyenje wakaacha kulia, wote kwa mara moja. Kisha mama, kwa sauti ndogo niliyoijua, ile anayotumia akiwa ameshaamua, akasema: "Haya, Bibi. Nimekubali."

Mliofika umri wangu mmeshaelewa. Ajuza mgonjwa alikuwa anatafuta mtu wa kumuuguza mpaka afe, na mama, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuwa na chumba chenye mlango wake mwenyewe, alikuwa anapewa mlango, na dirisha la baharini juu yake. Angenituma nyumbani. Angeniandikia. Ni jambo ambalo mama zetu wengi wamelifanya, na wengi wetu tumelelewa nyuma ya pazia la mtu kwa sababu hiyo. Lakini mimi sikuelewa hivyo. Mimi nilikuwa na ushahidi wangu: wamemlisha, wamemminya mikono, wamemvika gauni jeusi, shimo liko wazi, mmoja ametoka, mmoja anaingia, na sasa ametakiwa kubaki na amekubali. Hata leo nikiupanga ushahidi ule naona ungesimama mahakamani.

Nikachukua taulo langu la bluu, nikatoka.

Njia ya makaburini ilipanda kati ya nyumba zilizofungwa. Hapakuwa na mtu wa kunizuia. Hilo ndilo lilikuwa baya, kwamba jambo lolote lingeweza kutendeka saa ile na hakuna ambaye angeliona. Lango halikuwa na kufuli. Mifupa ya Mzee Kosta ilikuwa imeanikwa juu ya shuka kwenye kona yenye jua, mirefu pembeni, midogo katikati, fuvu likitazama bahari. Nikamwamkia. Sikujua Wagiriki waliokufa huamkiwaje, kwa hiyo nikamwambia shikamoo.

Shimo lilikuwa limefunikwa kwa mbao mbili. Nikasukuma moja, nikateremka, lilinifikia kwapani. Nikatandika taulo langu chini, nikalinyoosha pembe zote nne kama nilivyowaona wageni wakifanya, nikapanda tena juu kuangalia. Lilionekana vizuri. Lilionekana nafasi iliyowahiwa.

Kisha mashaka yakaniingia. Ile sheria ilikuwa ya ufukweni, ya watu wa hoteli. Je, mchimba kaburi anaijua? Na padri? Na yule aliyekuwa akingoja mtu, awaye yote, angeshindwa na taulo kama yule mzee mwenye tumbo? Nikaona kiti kikikaliwa ndipo hakuna ubishi. Nikarudi ndani, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani, nikajifunika kwa ubao kadiri nilivyoweza kuuvuta. Udongo ulikuwa wa baridi chini ya taulo. Kulikuwa na harufu ya divai. Juu yangu kulikuwa na ufa wa anga, mwembamba, wa bluu kabisa, na hakuna kilichopita humo, hata ndege. Nilikusudia kukaa mpaka Stavro aje. Huo ndio ulikuwa mpango wote. Sijawahi kuwa mtu wa mipango.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia fimbo. Gonga, buruta, gonga, buruta. Ni Bibi peke yake aliyetembea hivyo, na hakuwahi kupanda kilima kile kwa miguu yake. Akafika kwenye mifupa, akazungumza kwa Kigiriki muda mrefu, kwa sauti ya ugomvi wa zamani. Kisha fimbo ikaja upande wangu. Ubao ukavutwa.

Hakupiga kelele. Alifanya ishara ya msalaba mara tatu, kisha akashuka chini pole pole, mguu mbovu umenyooka, akakaa juu ya rundo la udongo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani natuma wewe?" akauliza.

"Hakuna, Bibi."

"Yeye naita wewe?" Alionyesha kwa fimbo ile kona yenye shuka.

"Hapana. Nimewahi nafasi."

"Nafasi gani?"

"Hii. Ili mama asiingizwe."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alinitazama, kisha akalitazama taulo, na kwa akili yangu ya miaka tisa nikagundua kitu cha kutisha kuliko shimo lenyewe: kwamba Bibi Vasso alikuwa anaogopa.

"Wewe nataka mama narudi Durban na wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Sana?"

Nilikuwa nimelala kaburini. Sikuona neno la kuongeza.

Nyenje wakaanza, wakaacha, wakaanza. "Toka," akasema mwishowe, akanipa ncha ya fimbo nishike. Nilipokuwa juu nikainama kuchukua taulo. "Hiyo acha." Nikaliacha. Alikuwa akilitazama shimo, hakuwa akinitazama mimi. "Sasa iko tupu tena," akasema kwa Kiswahili, ingawa hakuwa akizungumza na mimi. Kisha akasema, "Mama usiambie," na tukateremka kilima pamoja, polepole, mkono wake mzito begani kwangu, udongo ukinidondoka mgongoni. Mama alitukuta mlangoni, akatutazama, akafungua kinywa, Bibi akampita.

Usiku ule mezani Bibi alitangaza kwamba amefikiri. Mama arudi na mtoto. Yeye atabaki, Stavro atampatia mwanamke wa hapo hapo. Mama aliuliza amekosea nini. "Hakuna kosa. Mimi nabadili." Mama akainuka, akaenda kuosha vyombo, na nikasikia analia juu ya beseni. Nilifurahi. Nilidhani analia kama walivyolia watu wa kwenye mahubiri ya Jumapili, wanapogundua wameponea chupuchupu.

Tulirudi Durban na Stavro. Mama akarudi kwenye fleti za wageni, akarudi kwenye ngazi za ghorofa tisa, na kando ya friji hakusimama tena. Mama Dorcas alimkagua kama mtu anayekagua kuku sokoni, akasema afadhali amerudi mzima, na kwamba mimi ni mtoto wa maana. Nilikubaliana naye. Wiki kadhaa nilitembea kifua mbele kama askari aliyerudi vitani.

Mvua za masika ya Durban, ambazo ni za Oktoba, zilikuwa zimeanza siku Stavro alipopanda mwenyewe hadi kwetu. Lifti ilikuwa mbovu. Alifika akihema, kofia mkononi, akasimama kwenye mlango kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Mama alikuwa kwenye jiko akipika wali na maharage. Mama Dorcas alikuwa upande wake anatwanga sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, akaacha.

"Mama yangu ameanguka," Stavro akasema kwa Kiingereza. "Kwenye ngazi za nje. Mchana, saa nane na kidogo."

"Na yule dada mliyempata?" mama akauliza.

"Huenda kwao kulala saa hizo. Kila mtu hulala. Walimkuta saa kumi na moja."

"Alikuwa ameshafariki?"

Stavro aliigeuza kofia yake. "Daktari anasema hakufa mara moja." Akaongeza kwamba wamemzika, juu pale, mahali pa baba. Mama akampa pole, naye akashuka, tukamsikia ghorofa zote tisa.

"Mungu amekuokoa," Mama Dorcas akasema nyuma ya pazia. "Nilikuambia: iko sababu."

"Kaniokoa na nini?" mama akasema. Hakugeuka. "Mimi silali mchana, Mama Dorcas. Unajua silali. Ningekuwepo, angekuwa hai."

Mama akakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa, kisha akaweka mwiko chini.

"Neema. Siku ile mliyorudi na Bibi mchana, ulikuwa na udongo mgongoni. Mlitoka wapi?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Ufukweni."

Ufukwe wa kijiji kile ulikuwa wa kokoto tupu; usingepata udongo pale hata kwa kuutafuta, na mama alikuwa amefua lile gauni langu kwa mikono yake. Alinitazama muda mrefu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuniuliza tena, wala mimi sikumwambia, na sasa hayupo wa kuambiwa. Jioni ile alichukua sahani, akanipakulia wali, akamimina maharage juu, akaiweka mbele yangu.

"Kula," akasema.

Alikuwa amesimama juu yangu na kanga yake iliyolowa kwa mvuke, mzima, anapumua, wa kwangu. Nilikula chote. Kisha nikaisogeza sahani mbele, akaniongeza.